Nyumba Isiyotaka Udongo

Melkiori Mughwai alikuwa na ugonjwa ambao mkewe, Ritha, aliuita ujinga wa Jumamosi. Wiki nzima alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari pale Singida mjini, kazi ya nyundo na makelele. Lakini Jumamosi ikifika, wanaume wenzake wa Mandewa wakielekea mpirani au harusini, yeye alijifungia kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba na kutengeneza vitu vidogo. Alitengeneza mabasi yenye urefu wa mkono, yenye milango inayofunguka. Alitengeneza malori yenye turubai. Mara moja alitengeneza kanisa zima lenye kengele ya ukubwa wa punje ya hindi, na kengele yenyewe ililia. Mwanamume mwenye mvi, eti!

Tena havikuwa vitu vya kupita. Magari ya makopo wanayotengeneza watoto hufa kabla jua halijazama, lakini ya Melkiori yalikataa kufa. Alikuwa na basi moja lililoanguka kutoka juu ya kabati, likakanyagwa na mbuzi, na bado milango yake ilifunguka. Siri yake haikuwa siri, maana alimweleza kila mwenye subira ya kusikiliza, na hata asiyekuwa nayo. Mti ukaushwe kivulini mpaka uache kujikunja. Kila kiungo kitobolewe kwa keekee nyembamba na kipitishwe waya, kwa sababu gundi ni ahadi tu, waya ndio ndoa. Rangi ipakwe nyepesi, ikauke, ipigwe msasa, ipakwe tena. "Haraka ndiyo inayoua," alikuwa akisema, na Ritha akamjibu kutoka jikoni kwamba njaa nayo inaua, aje ale.

Sasa tazama dunia ilivyo na kejeli. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Mtu huyu aliyejua kukifanya kibasi cha bati kiishi kuliko mwenyewe aliiacha nyumba ya mama yake ikaanguka.

Ilikuwa nyumba ya tembe, kijijini, si mbali na Ikungi, ndefu na ya chini, paa lake bapa la udongo uliolazwa juu ya miti. Marehemu mzee Mughwai ndiye aliyeijenga, lakini aliyeiweka hai ni mkewe, Luciana. Kila mwaka kabla ya mvua Luciana alikanda udongo na samadi ya ng'ombe, akaupaka kwa kiganja, ukuta baada ya ukuta, huku akiimba na kugombeza kuku. Ndani moto haukuzimika. Moshi ulipanda ukaikalia miti ya paa mpaka ikawa myeusi na kung'aa, na mchwa hapendi moshi. Ndiyo dawa waliyokuwa nayo, na ilitosha.

Kisha macho ya Luciana yakaharibika, yakafika mahali ambapo alitofautisha mchana na usiku tu, na Melkiori akamchukua akae naye Mandewa. Alifanya vema, hakuna wa kumlaumu kwa hilo. Ila moto kule kijijini ulizimika, na mchwa hawakukawia kupata habari.

Editha, dada yake aliyeolewa kijiji cha jirani, alipiga simu. Alisema kuna ufa upande wa chumba cha mama. Melkiori alijibu kwamba angekwenda akimaliza lori alilokuwa nalo mkononi. Methali ya ufa na ukuta kila mtoto wa shule anaijua, na yeye aliijua pia. Lori likaisha, likawa zuri sana. Mvua ikaja. Paa la udongo likanywa maji likawa zito, na miti iliyokwisha kuliwa ikashindwa kulibeba. Hakuumia mtu. Alikufa kuku mmoja wa jirani aliyekuwa akiatamia mle ndani.

Daktari alikuwa ameshasema kwamba moyo wa Luciana umechoka, asipewe habari za kumshtua. Kwa hiyo Melkiori akaamua kuificha habari ile.

"Kaka, mfiwa hafichwi milele," Editha alimwambia.

"Nani kasema milele? Tunangoja apate nguvu."

Mtu wa umri ule hangojewi apate nguvu, na wote wawili walilijua hilo. Lakini uongo ukishaanza huwa na miguu yake. Luciana aliuliza kila alipoamka: nyumbani kukoje? Kuzuri, mama. Editha kapiga udongo? Kapiga. Na upande wa mashariki kaupaka vizuri, maana pale hunyonya maji? Vizuri kabisa, mama. Kumdanganya mtu anayeona kuna kazi yake. Asiyeona unamdanganya bila hata kukunja uso, na hapo ndipo pabaya. Melkiori alikuwa akitoka chumbani mle akijichukia. Editha yeye aliacha kabisa kuja.

Mwaka huu, miezi ya upepo ilipokuwa ikiisha, Luciana alibadilisha swali.

"Melkiori, nipeleke nyumbani. Nataka kupiga udongo kabla mvua haijanyesha."

"Mama, na macho hayo?"

"Udongo unapigwa kwa macho?"

"Barabara mbovu, mama. Moyo wako je?"

"Moyo wangu uko kule. Huku nimekuja na mwili tu."

Alimwambia angoje. Akangoja. Alipochoka kungoja akaacha kula. Si kwa ugomvi, la, alionja uji kijiko kimoja, akashukuru, akasukuma bakuli. Alikaa barazani akiwa ameelekeza uso upande wa barabara ya Ikungi, na kanga yake ya safari amejifunga. Ritha alimbembeleza kama mtoto. "Mama mkwe, kula basi, utasafirije na njaa?" Luciana akajibu kwamba gari la safari akilisikia linawashwa atakula.

Melkiori akaona atampoteza. Akaenda kibandani, akakaa katikati ya mabasi yake, akalia. Na alipomaliza kulia akapata wazo, wazo ambalo mtu mwingine yeyote asingelipata, kwa sababu mtu mwingine yeyote angesema ukweli. Yeye alijua jambo moja tu duniani. Kama mama hawezi kwenda kwenye nyumba, nyumba itakuja kwake, aishike kwa mikono, moyo wake utulie.

Alikwenda kijijini na futikamba. Kuta zilikuwa zimebaki usawa wa magoti, na mboga za maboga zilizokauka zilikuwa zimetambaa juu ya kilichokuwa kitanda cha mzee Mughwai. Akapima urefu, akapima upana, akapima mlango ulipokuwa. Editha alimshikia ncha ya futikamba mpaka mwisho.

"Unaipima kama wanavyopima maiti apate jeneza," alisema.

Melkiori alikuwa ameiona nguzo ya katikati, iliyokuwa karibu na mafiga. Miti mingine mchwa walikuwa wameigeuza unga, lakini hii ilikuwa imelala pale nzima, nyeusi, ngumu kama siku ilipokatwa. Akaikata kipande kwa msumeno akakifunga kwenye gunia. Aliona ni heshima. Nguzo za nyumba ndogo zitatoka kwenye nguzo ya nyumba kubwa, na mti uliokauka kwa moshi wa miaka yote ile haungejikunja tena kamwe. Fundi gani angeacha mti wa namna hiyo?

Hakuwahi kufanya kazi vizuri kama alivyoifanya ile. Alichagua kwamba kila mita ya nyumba iwe sentimita tano. Ile nguzo aliipasua, akaichonga kwa kisu na kuizungusha kwenye msasa mpaka akapata vinguzo vyembamba, akavikaza kwenye ubao wa mninga kwa nyaya. Boriti za paa zilikuwa vijiti vya mishikaki vilivyopakwa dawa ya mchwa, maana safari hii hakutaka mchezo. Ndani ya kuta aliweka wavu wa madirishani ili zisipasuke. Udongo aliuchota pale pale kijijini, akauchekecha kwa kipande cha chandarua mpaka ukawa laini kama unga wa uji, akauchanganya na gundi ya mbao na saruji kidogo. Alipaka tabaka jembamba, akalifunika kwa gunia bichi likauke polepole, akapaka jingine. Paa alilifanya linyanyuke kama mfuniko, ili mkono wa mama uweze kuingia ndani. Mafiga yalikuwa kokoto tatu. Kwenye ukuta wa chumbani, juu ya kitanda, alichimba kishimo kidogo ambamo mama yake alikuwa akificha ugoro wake, mzee Mughwai asiuone. Mwisho akapaka vanishi isiyong'aa, mara tatu, ndani na nje.

Ukiimwagia nyumba ile ndoo ya maji, yaliteleza yakaenda zake. Melkiori alijaribu. Alisimama akiyatazama maji yanavyodondoka chini, na kwa mara ya kwanza tangu mvua ile akapumua.

Aliileta barazani Jumamosi mchana. Ritha alikuwepo, na Editha alikuwa amekuja, kwa kuwa kaka yake alimsihi. Luciana alikuwa ameketi kwenye mkeka.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Gari limekuja?"

"Nimekuletea nyumba yako uishike. Nimeitengeneza yote kama ilivyo." Akampakatisha.

Mikono ya Luciana ilitua juu ya paa ikatulia kidogo, kama inabisha hodi. Kisha ikaanza kutembea. Ikapata kona. Ikapata mlango, kidole kikapita mlangoni. Akatabasamu. Melkiori akamwonyesha jinsi ya kunyanyua paa, na mkono ukaingia ndani, ukavuka zizi la ndama, ukayagusa mafiga, ukapanda ukuta wa chumbani hadi kwenye kile kishimo.

Luciana akacheka. Akacheka mpaka akakohoa, akasema kitu kwa Kinyaturu ambacho Editha alikicheka pia huku anafuta machozi. "We mtoto! Kumbe ulikuwa unajua ninapoficha ugoro!"

"Nilikuwa nauiba, mama."

"Nilidhani ni panya!"

Lo, furaha ile. Ritha alikimbia ndani kuleta uji, maana alijua sasa ataula. Melkiori alipiga magoti mbele ya mama yake, moyo mweupe, na alikuwa anajiambia: imewezekana.

Mikono iliendelea kutembea. Luciana alitandaza kiganja ukutani na kukivuta kutoka juu kwenda chini, kama anavyofanya mtu anayepiga udongo. Akarudia. Kiganja kiliteleza.

"Mbona ukuta huu hauna kiu?" aliuliza.

"Nimeweka saruji kidogo, mama, na vanishi. Haitapasuka. Haitataka kupigwa udongo tena."

"Haitataka udongo," Luciana alirudia polepole. Mkono wake ulirudi ndani, ukapapasa mpaka ukakutana na kinguzo cha katikati. Akakisugua kwa kucha. Vanishi ikabanduka kidogo. Akakipapasa tena, akavipeleka vidole puani.

Akakaa hivyo, vidole puani, kwa muda uliomtosha Ritha kurudi na bakuli la uji na kusimama mlangoni.

"Melkiori, hii ni nguzo yangu."

"Mama..."

"Huu moshi ni wangu. Nimeupika mwenyewe. Umeitoa wapi?"

Melkiori alifungua kinywa kuudanganya uso ule usioona, kama alivyozoea, na uongo haukuja.

"Nguzo ya katikati haitolewi nyumba ikiwa imesimama," Luciana alisema. "Imeanguka lini?"

Ni Editha aliyejibu. "Mvua za mwaka jana, mama."

"Mwaka jana." Mzee wa watu alitikisa kichwa. "Kwa hiyo mmeshalia, mmeshafuta machozi, na mimi mwenye msiba naulizia udongo umepigwaje. Mkanijibu umepigwa vizuri."

"Tuliogopa moyo wako, mama," Melkiori alisema. "Nisamehe. Niliambiwa kuna ufa, sikwenda. Ni mimi."

Luciana alimwomba Ritha kanga nyeusi. Ritha akamletea, naye Luciana akajifunga kichwani, akaiweka ile nyumba mbele yake kwenye mkeka, akalia. Alilia kwa sauti, kwa Kinyaturu, akiitaja nyumba kwa jina la mumewe na majina ya watoto waliozaliwa mle, hata wawili waliozikwa wadogo. Majirani wakasikia. Mtaani kwetu kilio hakipiti bila watu, na punde wanawake wakaingia na kanga viunoni wakiuliza nani kafa. Ritha hakujua aseme nini, akasema ukweli: nyumba. Mwanamke mmoja, mama Antipasi, alitaka kucheka. Akautazama uso wa Luciana, akavua ndala, akaketi mkekani na wengine. Wakakaa pamoja mpaka jioni, kama inavyopasa.

Asubuhi iliyofuata Luciana alikunywa uji wote. Halafu akaomba udongo na maji.

Walimletea kwenye beseni. Akaukanda kwa mikono yake miwili, taratibu, akatoa kokoto kwa kuzisikia, akalalamika kwamba udongo wa Mandewa hauna nguvu, akautaka ule wa kwao. Melkiori akamletea uliobaki kibandani. Akaukanda tena. Kisha akachukua donge akalipaka kwenye ukuta wa mashariki wa ile nyumba ndogo.

Udongo ukateleza ukaanguka mkekani. Akapaka tena. Ukaanguka. Vanishi ilikuwa nzuri mno, mara tatu, ndani na nje, haikushika kitu. Luciana aliendelea kuokota na kupaka, kuokota na kupaka, na Melkiori aliyekuwa amesimama pembeni aliona kwamba hiyo ndiyo adhabu yake, na kwamba mama yake wala hakukusudia kumwadhibu.

Akaenda kibandani. Akarudi na msasa mkali kuliko wote aliokuwa nao, ule wa kukwangulia kutu kwenye magari. Akaketi mkekani, akaipakata nyumba, akaanza kuikwangua kazi yake mwenyewe. Alikwangua vanishi, akakwangua saruji, mpaka ukuta ukawa na makovu na udongo ukapata pa kushika.

"Sasa jaribu, mama."

Luciana akapaka. Ukashika. Akavuta kiganja kutoka juu kwenda chini, na vidole vyake vinne vikaacha mistari.

"Naam," alisema. "Huu sasa una kiu."

Tangu siku hiyo Jumamosi za Melkiori zilikuwa za udongo. Udongo mtupu usio na gundi hupasuka ukikauka, na kila wiki kulikuwa na mahali pa kurudia. Mama alipaka, mtoto alikanda. Luciana alimgombeza: maji mengi, maji kidogo, samadi iko wapi, au unaona kinyaa mwanamume mzima? Hakuomba tena kwenda nyumbani. Alikula. Hakusema kama amesamehe, na Melkiori hakuthubutu kuuliza, ila siku moja mama alipomaliza kupaka ukuta wa chumbani alimpa ugoro wake autie kwenye kile kishimo, akamwambia, "Usiibe."

Alifariki mvua zikiwa katikati. Moyo ulisimama akiwa usingizini. Walimzika kijijini kando ya zile kuta za usawa wa magoti, karibu na mzee Mughwai.

Walipomaliza matanga, Melkiori na Editha waliketi katika kibanda cha Mandewa na ile nyumba ndogo katikati yao mezani. Ukuta wa mashariki ndio Luciana aliokuwa ameupaka mwisho. Ile mistari minne ilikuwa pale, kutoka juu kwenda chini, na mwisho wa kila mmoja palikuwa na alama ndogo ya ncha ya kidole. Chini yake, kutoka pembeni mwa mlango, ufa mwembamba ulikuwa umeanza kupanda.

"Paka vanishi, kaka," Editha alisema. "Ukiipaka haitaondoka. Tubaki na vidole vyake."

Melkiori alitaka hivyo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Alijua hata namna ya kufanya: vanishi nyepesi, brashi laini, tabaka moja, likauke, jingine, na vidole vya mama yake vingekaa pale mpaka wajukuu wa wajukuu. Alifungua kopo. Alichovya brashi. Akaikaribia ile mistari, na macho yake yakaenda kwenye ufa.

Alikaa na brashi mkononi mpaka ikaanza kukauka.

Kisha akafunika kopo, akamwita Ritha amletee maji. Akakanda udongo kama alivyofundishwa, akatoa kokoto, akaongeza samadi. Editha aligeuza uso, hakuweza kutazama. Melkiori akaweka vidole vyake vinne juu ya mistari minne ya mama yake, kila kimoja mahali pake, akapaka kutoka juu kwenda chini, mpaka ufa ukazibika na mistari ya mama yake isionekane tena.